Johann Crüger, Mwalimu wa Nyimbo wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai, Berlin

Jina la Johann Crüger huandikwa kwa herufi ndogo juu ya nyimbo nyingi katika vitabu vya Walutheri wa nchi mbalimbali, na watu wengi huzifungua kurasa hizo siku ya Jumapili wasilisome. Lakini tuni zake wanazijua tangu utoto. Tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu habari za maisha yake, wala si kwa kumsifu tu, bali kwa sababu ya neno linalosemwa mara nyingi na waimbaji, hasa vijana wa kwaya: ya kwamba nyimbo za zamani zachosha, kwa kuwa chini ya tuni mna mapatano matatu au manne tu, yakirudi yale yale tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Tukisema mapatano, twataka kusema sauti mbalimbali zinazolia pamoja kwa mara moja, kama vile do na mi na so. Mtu yeyote aliyepata kufundisha kwaya amelisikia neno hili. Na katika waalimu wote wa nyimbo wa Kanisa letu, Crüger ndiye anayefaa kuulizwa, maana alizijua nyimbo za ufundi mwingi, akatunga za namna hiyo katika ujana wake, kisha akashika njia iliyo nyepesi.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1598 katika kijiji cha Groß Breesen, karibu na mji wa Guben, upande wa mashariki wa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Alisoma katika shule ya Kilatini ya Guben hata mwaka 1613, naye alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano akatoka kwao, akaenda akitafuta elimu mji kwa mji, kama walivyofanya wanafunzi wengi wa siku zile. Alipita Sorau na Breslau, akakaa kitambo katika shule ya Wajesuiti kule Olmütz, kisha akafika Regensburg. Huko alimpata mwalimu aliyemfaa kuliko wote, Paulus Homberger, aliyekuwa amefundishwa katika mji wa Venezia na Giovanni Gabrieli mwenyewe.

Yafaa tueleze maana ya jambo hili. Huyo Gabrieli alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Marko, na kazi yake ilistaajabiwa Ulaya nzima. Aliwaweka waimbaji makundi mawili, matatu, hata zaidi, kila kundi mahali pake kanisani, pamoja na wapiga tarumbeta na fidla, kundi hili likiita na lile likiitika, na sauti zikipishana kama nyuzi za mkeka. Basi elimu ya namna hiyo ndiyo aliyoipata Crüger kwa mwanafunzi wa Gabrieli. Mtu asidhani kwamba alitunga kwa wepesi kwa kuwa hakujua zaidi.

Mwaka 1615 alifika Berlin, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya mtu mkubwa mmoja. Mwaka 1620 alikwenda Wittenberg kusoma theolojia, katika mji ule ule alimofundisha Luther. Hata mwaka 1622 akaitwa kuwa kantori wa kanisa la Mtakatifu Nikolai huko Berlin, yaani mwenye kusimamia uimbaji wote wa kanisa, tena mwalimu katika shule iliyokuwa ndani ya majengo ya watawa wa zamani, iitwayo Monasteri ya Kijivu. Wavulana wa shule hiyo ndio waliokuwa kwaya yake. Alishika kazi hiyo miaka arobaini, asihamie mahali pengine hata alipokufa.

Mwaka ule ule wa 1622, na tena mwaka 1626, alitoa vitabu vya nyimbo zilizotungwa kwa ule ufundi mpya wa sauti nyingi. Na mwaka 1630 alichapisha kitabu cha elimu ya muziki kwa Kilatini. Katika kitabu hicho alifuata sana mafundisho ya Johannes Lippius, mwanatheolojia wa Kilutheri aliyefariki mwaka 1612 angali kijana. Lippius alifundisha kwamba shina la muziki wote ni mapatano ya sauti tatu, do na mi na so, kila moja yenye mlio wake, nazo zikilia pamoja husikika kuwa kitu kimoja. Akaona humo mfano wa Utatu Mtakatifu. Mfano huo tusiusukume mbali kuliko unavyoweza kwenda, maana mifano yote ya Utatu huchoka njiani. Lakini watambulisha jinsi watu wale walivyoyatazama mapatano mepesi. Machoni pao hayakuwa chakula cha mtoto mchanga, ambacho mtu mzima hukiacha. Yalikuwa msingi, na mengine yote yalijengwa juu yake.

Lakini miaka hiyo haikuwa ya raha. Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeanza mwaka 1618, na nchi ya Brandenburg ikakanyagwa na majeshi ya pande zote. Askari walitoza watu fedha na nafaka; wenyeji wa Berlin wakapungua sana; tena tauni ikafuata vita, kama ifuatavyo siku zote. Crüger alikuwa ameoa mwaka 1628, naye alimwoa mjane. Mwaka 1636 mkewe akafa pamoja na watoto wao watano. Yeye mwenyewe aliugua, na kazi yake ya kutunga ikasimama. Hata mwaka uliofuata akaoa tena, akamwoa Elisabeth, binti wa mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba. Wakazaa watoto kumi na wanne, na wengi wa hao pia wakafa wangali wadogo. Tunaandika hesabu hizi kwa maneno machache, lakini msomaji na akae nazo kidogo. Mtu huyu alizika nyumba nzima, kisha akarudi kanisani kuwafundisha watoto wa watu wengine kuimba.

Hapo ndipo kazi yake inapogeuka. Mwaka 1640 alitoa kitabu cha nyimbo kwa ajili ya Walutheri wa Berlin, chenye nyimbo 248, na ndani yake hamna makundi mawili ya waimbaji wala sauti zinazopishana. Kila wimbo una tuni yake, na chini yake sauti moja ya besi, yenye tarakimu ndogo zilizoandikwa juu au chini ya noti. Tarakimu hizo humwonyesha mpiga kinanda mapatano ya kupiga. Yeye hujaza sauti za kati kwa mkono wake. Basi, mahali palipokuwa na kinanda na kwaya, waliweza kuimba kwa sauti nne. Palipobaki baba mmoja na watoto wake jioni, nyumba haina chombo, waliweza kuimba tuni peke yake, nayo ikasimama.

Ili msomaji ajue faida ya jambo hilo, imempasa kujua yalivyokuwa zamani. Kitabu cha kwanza cha kwaya cha Waprotestanti, alichokitengeneza Johann Walter mwaka 1524 kwa shauri la Luther, kilikuwa na tuni ndani ya sauti ya tatu, iitwayo tena, na sauti nyingine zikizunguka juu na chini yake. Kwaya ya wenye elimu iliweza, lakini mkulima aliyesimama nyuma hakuweza kuisikia tuni, imefichika kama mtu katikati ya kundi. Mwaka 1586 Lucas Osiander, mhubiri wa Stuttgart, alitoa nyimbo hamsini akiiweka tuni juu kabisa, na sauti nyingine tatu zikitembea chini yake silabi kwa silabi, kwa mapatano mepesi, ili watu wote kanisani wapate kuimba pamoja na kwaya. Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Crüger alilishika, akalitimiza.

Mwaka 1647 kitabu chake kilitoka tena kwa jina jipya, Praxis Pietatis Melica, maana yake kuzoea utauwa kwa njia ya nyimbo. Sasa kilikuwa na nyimbo 387. Kati ya hizo, 18 zilikuwa za mtu asiyejulikana bado, Paul Gerhardt, aliyekuwa akikaa Berlin siku zile akifundisha watoto nyumbani mwa mtu. Tena humo umo wimbo wa shukrani wa Martin Rinckart, mchungaji wa Eilenburg, yule ambaye katika tauni ya mwaka 1637 aliwazika watu zaidi ya 4,000, na mkewe mmoja wao. Wimbo wenyewe kwa Kijerumani huitwa Nun danket alle Gott. Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa tuni hii yatufunza neno letu vizuri kuliko maelezo mengi.

Mwimbaji na auangalie mstari wa kwanza. Tuni ni so mara tatu, kisha la mara mbili, kisha kurudi so. Chini yake mapatano ya do mara tatu, ya fa mara mbili, kisha ya do tena. Basi, ni mapatano mawili tu katika mstari mzima, na tuni yenyewe imepanda hatua moja na kushuka hatua moja. Mwanafunzi wa mwezi mmoja aweza kuipiga. Mstari wa pili washuka kidogo kidogo hata kufika do, kama mtu aliyeingia nyumbani akaketi. Kisha yote mawili yarudiwa. Kama wepesi wa mapatano ungekuwa ndio unaochosha, wimbo huu ungalikufa kabla ya mtungaji wake. Kumbe umeimbwa tangu siku hiyo hata sasa. Inasimuliwa kwamba usiku wa tarehe 5 Desemba 1757, baada ya vita ya Leuthen, askari mmoja wa Prussia aliuanza gizani, na jeshi zima likaupokea. Mwaka 1840 Felix Mendelssohn aliutia katika kazi yake kubwa ya kumsifu Mungu.

Siri yake nini? Sisi twaona ni hii. Ile so inayopigwa mara tatu hainyamazi mahali pamoja bure. Yasimama kama mtu anayekusanya pumzi, na kwa sababu imesimama, ile hatua moja ya kupanda yasikika kuwa kubwa. Mtu akiweka mapatano sita tofauti chini ya noti hizo sita, sikio litavutwa huku na huku, na kule kupanda hakutasikika tena. Wepesi wa chini ndio unaoipa tuni nafasi ya kusema. Tena maneno ni ya kuwaita watu wengi washukuru kwa pamoja, na watu wengi hawawezi kuitika kwa pamoja katika njia yenye kona nyingi.

Walakini Crüger hakuwa mtu wa kukataa uzuri. Mwaka 1649, vita vilipokuwa vimekwisha, alitoa kitabu kingine cha tuni za kanisa, zilizopangwa kwa sauti nne, na juu ya waimbaji sauti mbili zaidi za vyombo, fidla au vyombo vya kupuliza. Waimbaji huendelea na mapatano yao mepesi, na vyombo huruka juu yao kama ndege juu ya shamba. Mahali pasipo na vyombo, waimbaji huimba wao wenyewe wala hapapunguki neno. Walimu wa kwaya wenye wapiga tarumbeta katika usharika wao na waangalie utaratibu huo. Aliongeza uzuri mahali ambapo kuondolewa kwake hakuubomoi wimbo.

Mwaka 1653 kitabu chake kilifika nyimbo 500, na zaidi ya 80 zilikuwa za Gerhardt. Ndani yake umo wimbo wa Johann Franck, mtu wa Guben kwao Crüger, uitwao Jesu, meine Freude. Tuni yake ni ya huzuni, yaanza juu na kushuka ngazi tano, hatua kwa hatua, mi mi re do ti la, na kitu kingine hamna. Mwaka 1657 Gerhardt mwenyewe akaitwa kuwa mchungaji katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, hata kwa miaka mitano mwenye maneno na mwenye tuni wakatumika katika nyumba moja. Ni mara chache Kanisa limepata baraka ya namna hiyo.

Crüger alikufa Berlin tarehe 23 Februari 1662, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, na Johann Georg Ebeling akashika mahali pake. Tuni alizozitunga zahesabiwa kuwa 70 hivi, nasi hatudai kwamba zote ni sawa. Nyingine zimesahauliwa, na haki yake. Kitabu chake kiliendelea kuchapishwa Berlin hata mwaka 1736, mara zaidi ya arobaini.

Sasa mtu aweza kutujibu hivi: Mbona Johann Sebastian Bach alizichukua tuni hizo hizo za Crüger akazitia mapatano mengine, magumu na ya ajabu? Je, si kwa sababu yale ya kwanza yalikuwa yanachosha? Swali hili ni la haki. Katika Mateso ya Bwana kwa Matayo, yaliyoimbwa kwanza Leipzig mwaka 1727, tuni ambayo Crüger aliitunga mwaka 1640 kwa maneno ya Johann Heermann, Herzliebster Jesu, yatokea mara tatu, na kila mara mapatano ni mengine. Ukisikiliza vema utaona sababu. Kila mara wimbo waingia mahali pake katika habari ya mateso, na Bach ayageuza mapatano kufuata neno linalosemwa hapo: mahali pa hatia yanauma, mahali pa mshangao yanasita. Lakini tuni haikuguswa ila kidogo. Wasikilizaji wa Leipzig walikuwa wanaijua tayari, wameiimba tangu utoto kwa mapatano mepesi, na kwa kuwa waliijua waliweza kusikia kilichogeuzwa. Mtu asiyeijua njia hatambui kwamba ameongozwa kupita pengine. Tena kwa wimbo wa Franck Bach alifanya kazi nzima ya kwaya yenye sehemu kumi na moja, na sita kati ya hizo ni beti za wimbo wenyewe; na ubeti wa kwanza na wa mwisho ameuweka kwa sauti nne tu, kila silabi na pato lake, karibu na njia ya yule kantori wa zamani.

Haya hayana maana kwamba kila wimbo wa mapatano matatu ni mzuri. Ziko nyimbo, nasi tumezisikia katika sikukuu nyingi, ambazo mapatano yake ni mepesi na tuni yake haiendi popote, maneno yake ni jina moja likirudiwa, na waimbaji huongeza sauti ili kuficha utupu. Hizo zachosha. Lakini mtu akizitia mapatano kumi zitachosha vilevile, ila zitachukua muda mrefu zaidi kufundishwa. Na jambo lingine lipo, ambalo twalisema kwa wainjilisti na walimu hasa. Katika karne ya kumi na nane nyimbo za Crüger zenyewe ziligeuka kuwa mzigo makanisani Ujerumani, wala mapatano yake hayakuwa yameongezwa wala kupunguzwa. Kilichopotea ni mwendo. Yeye alikuwa ameziandika kwa noti ndefu na fupi, zenye uhai. Watu wakazilinganisha zote kuwa za urefu mmoja, wakaziimba polepole, kila noti kwa pumzi yake, na mpiga kinanda akatia mapambo yake kati ya mstari na mstari. Ubeti mmoja ukawa safari. Watu wakasema nyimbo za mababu zachosha. Katika karne ya kumi na tisa wataalamu walivifungua tena vitabu vya zamani, wakauona mwendo wake wa kwanza, nao ukarudishwa katika sharika nyingi, ingawa si zote.

Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na wale wa Betheli waliotangulia Usambara, walikuja na nyimbo za namna hii vifuani mwao, na walizifundisha kama walivyozoea wenyewe, wengine kwa mwendo ule mzito, wengine kwa ule wa kwanza. Kwa hiyo hata leo wimbo mmoja husikika mzito katika usharika huu na mwepesi katika usharika wa jirani, na mapatano ni yale yale. Mwalimu wa kwaya anayetaka kujaribu, na auchukue ule wa Rinckart, aufundishe kwanza kwa sauti moja bila chombo, kwa mwendo wa mtu atembeaye, kila mstari kwa pumzi moja. Akiisha kusikia kwamba watu wote wanaimba, hata wazee waliokuwa wamenyamaza, ndipo aongeze besi.